Wanapoiaga Shule kwa Kicheko: Arua na Koboko

Mvua za mwisho wa mwaka zinapokaribia kukatika katika West Nile, na mahindi ya msimu wa pili yakawa yamekwisha kukauka mashambani, hutukia jambo moja katika shule za sekondari za Arua na Koboko lisiloandikwa mara kwa mara magazetini. Vijana wa kidato cha nne na cha sita huiaga shule yao, tena huiaga kwa kuicheka. Tumeona yafaa tulieleze jambo hilo katika ukurasa huu usomwao na askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu sisi nasi tumo katika kicheko hicho, na wengi wetu hawana habari.

Kwanza tuweke mambo mahali pake. Mitihani ya taifa ya kumaliza masomo ya sekondari husimamiwa na Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, UNEB, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1983. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na baraza la pamoja la Afrika Mashariki. Kidato cha nne huanza mitihani yake mwezi wa Oktoba, na kidato cha sita hufuata Novemba hadi mwanzo wa Desemba. Maswali hufika wilayani yakiwa yamefungwa kwa lakiri, huhifadhiwa katika vituo vya polisi, na kila asubuhi ya mtihani hutolewa na kusindikizwa hadi shuleni. Polisi aliyelinda kasha hilo usiku kucha, huku mbu wa Arua wakimlinda yeye, anaijua kazi hii kuliko tuwezavyo kuieleza.

Siku chache kabla ya makasha hayo kufika, shule hutenga alasiri moja kwa ajili ya kuagana. Wazazi wachache hualikwa, na mgeni wa heshima hutafutwa. Mara nyingi huwa ni ofisa wa wilaya, au mtu wa dini, au mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu. Viti vya plastiki hupangwa chini ya mwembe. Ng'ombe akipatikana, vizuri. Asipopatikana, mbuzi hutosha, na mchuzi huongezwa maji kwa hesabu ambayo mwalimu wa hisabati mwenyewe hangeipinga.

Kiini cha shughuli hiyo ni risala. Kila aliyesoma katika nchi zetu za Afrika Mashariki anaifahamu risala: maneno ya heshima yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri, yaanzayo na majina ya wakubwa wote kwa mpangilio wa vyeo, yakafuatiwa na shukrani, kisha matatizo, kisha maombi. Vijana wa Arua na Koboko hawakulivunja umbo hilo. Wanachofanya ni kulishika barabara, neno kwa neno, na kulijaza mambo mengine kabisa.

Tuliwahi kualikwa, katika shule moja ya Koboko ambayo hatutaitaja ili mpishi wake asije akatuchukia, tukaisikia risala ya namna hiyo ikisomwa na kijana mrefu aliyevaa tai iliyofungwa vibaya kwa makusudi. Alianza kwa utulivu wa karani wa mahakama. Alisema kwamba walipoingia shuleni hapo walikuwa wembamba, na kwamba wanaushukuru uongozi kwa kuwahifadhi vivyo hivyo mpaka siku ya kuondoka. Alisema maharagwe ya shule yana virutubisho vya aina mbili, vya maharagwe yenyewe na vya wadudu wanaoishi humo. Akaomba wadudu hao wasitajwe katika bajeti, wasije wazazi wakapandishiwa karo. Alifika kwenye kengele, ambayo ni rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Lori lenyewe, alisema, halijulikani lilikokwenda, lakini rimu yake imewaamsha saa kumi na moja ya alfajiri kwa miaka sita, na dereva wake, popote alipo, wanamsamehe.

Kisha yakafuata makabidhiano. Godoro lenye bonde katikati liliachiwa kijana wa kidato cha tano, akaonywa asijaribu kulijaza bonde hilo, kwa kuwa limechimbwa na vizazi vitano vya wanafunzi na sasa ni mali ya historia. Fyekeo la kukatia majani lilikabidhiwa kwa wachelewaji wa mwaka ujao pamoja na eneo lao la uwanja. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, alicheka mpaka akavua miwani. Mpishi hakucheka sana.

Baada ya risala huja maigizo ya walimu. Hapo pana ufundi wa kweli, maana kijana aliyemtazama mwalimu mmoja kwa miaka sita amemsoma kuliko alivyosoma kitabu chochote. Anaujua mwendo wake anapotoka ofisini na jinsi anavyoishika chaki, na neno alipendalo lisilo na maana. Fimbo nayo huigizwa, ingawa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeipiga marufuku shuleni. Siku ya kuagana, fimbo hurudi jukwaani ikiwa ni bua la mtama, nayo huvunjika kwa pigo la kwanza.

Jambo moja lilitupendeza, nalo halikuandikwa popote. Kilema cha mtu hakiigizwi, wala umaskini wa mwanafunzi hautajwi. Kabila halichezewi pia, ila na wenyewe juu yao wenyewe. Katika darasa moja la Koboko waweza kumkuta Mkakwa, Mlugbara, Mnubi na Mwaringa. Ukienda Arua utaongeza Mmadi na Mwaluri. Watu waishio pamoja namna hiyo huujua mpaka wa utani bila ya kuchorewa.

Sasa tufike kwetu. Karibu mchezo wa tatu au wa nne, ghafla mtu alisikika akipiga kelele nyuma ya pazia: "Simama hapo! Mikono juu!" Akatokea binti wa kidato cha sita, kofia ya maboksi ya sabuni kichwani, tumbo la mto wa kulalia, na kirungu cha mti. Kofia ilikuwa ya maboksi kwa sababu sheria haimruhusu raia kuvaa sare yetu, na vijana hao walikuwa wameiuliza sheria hiyo kituoni kabla ya kuanza kazi. Kizuizi cha barabara kilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Mwanafunzi mmoja akaja na sanduku la bati kichwani, akielekea nyumbani.

"Wewe natoka wapi?" askari yule akamwuliza. "Kitambulisho yako iko wapi?"

Mwanafunzi akatua sanduku, akasimama wima, akajibu kwa Kiswahili cha darasani: "Afande, kitambulisho changu kimo mfukoni mwangu, pamoja na vitambulisho vya wenzangu vilivyosahauliwa bwenini."

Askari akanyamaza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba anatafuta mahali ngeli zile zilikotokea. Kisha akapiga saluti kubwa, akashusha kamba, akasema: "Pita, Mheshimiwa. Sikujua kama wewe ni mtu ya serikali."

Hadhira ilianguka. Mkuu wa kituo cha polisi, aliyekuwa mgeni wa heshima siku hiyo, alikaa kimya kwa muda ambao wote tuliuhesabu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na baadaye machozi yakamtoka. Maafande wawili waliokuja naye, waliokuwa wakimtazama usoni ili wajue wafanye nini, nao wakacheka kwa nguvu zao zote.

Yatupasa tuueleze mzaha huo kwa msomaji asiyeishi Uganda. Kiswahili kiliingia jeshini mwetu tangu siku za King's African Rifles, na West Nile ilitoa askari wengi wa jeshi hilo. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na jambo hilo, badala ya kukipendezesha, lilikifunga pamoja na bunduki katika masikio ya wananchi wengi. Kusini mwa nchi, kwa muda mrefu, mtu aliyesikia Kiswahili usiku nje ya mlango wake hakufikiria ushairi. West Nile haikuwa hivyo kabisa, kwa kuwa sokoni Arua na Koboko Kiswahili huuza na kununua pamoja na Kinubi na Lingala. Hata hivyo sauti ya kizuizini ilikuwa ni ile ile. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ukakiingiza madarasani kwa uzito zaidi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hivyo basi, kwa mara ya kwanza, vijana wa kawaida wanakijua Kiswahili chetu kuliko sisi tulivyokijua tulipokuwa makuruta, na wanayo haki ya kutucheka. Wala sisi si wageni wa mchezo huo. Ni nani kati yetu, aliyepita Kabamba au Kabalye, ambaye hakuwahi kumwigiza sajini wake hemani usiku, taa zikiwa zimezimwa, "mguu pande, mguu sawa" kwa sauti ya puani, huku mwenzake mmoja akiwa mlangoni kutazama kama sajini mwenyewe haji?

Lakini ukumbi ule ulipoanguka kwa kicheko, safu ya wazee haikucheka mara moja na vijana. Ilichelewa kidogo. Tuliona, na tulijua sababu.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya wakombozi wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na West Nile ikafikiwa baadaye. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakaishambulia Koboko, kisha Arua. Na Jeshi la Ukombozi wa Taifa, UNLA, lililokuwa jeshi la serikali ya wakati ule, liliporudi, halikutofautisha mwasi na mwenye jembe. Miji ilichomwa. Zaidi ya watu laki mbili walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, huko Ombaci, nje kidogo ya Arua, askari wa UNLA waliwafyatulia risasi raia waliokuwa wamejihifadhi katika uwanja wa misheni na wa Chuo cha St. Joseph's, wakaua karibu watu 100. Uwanja huo ni wa shule. Kengele imegongwa hapo kabla ya siku hiyo na baada yake, na vijana wa Ombaci wanaomaliza leo huagana mahali ambapo babu zao hawakupewa nafasi ya kusema hata neno.

Tunaandika hayo kwa askari, tena waziwazi, kwa maana askari asiyejua sare ilimaanisha nini Arua mwaka 1981 hawezi kuelewa kwa nini binti wa Koboko aliyevaa kofia ya maboksi ya sabuni ni habari njema kuliko ripoti nyingi tunazozipokea ofisini. Mtu amwogopaye askari hamwigizi mbele yake. Humwigiza nyumbani, mlango umefungwa, kwa mnong'ono. Au hamwigizi kabisa.

Wapo leo, Arua na Koboko, watu wazima wenye wajukuu ambao waliyaacha madaftari madawatini ile Oktoba ya 1980. Wengine walimalizia masomo kambini ng'ambo ya mpaka. Wengine hawakumaliza. Kurudi kulianza pole pole katikati ya miaka ya 1980, na hata baada ya hapo bunduki haikunyamaza mara moja; vikundi vya waasi viliisumbua mipaka ya West Nile katika miaka ya 1990, mpaka mapatano na UNRF II yalipotiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi siku ile alituambia kwa sauti ya chini kwamba yeye aliiaga shule yake kwa kuruka dirisha. Akaongeza kwamba, kwa kweli, hakupata hata muda wa kulifunga.

Darasa la mwaka 2020 nalo lina la kusimulia, japo halilingani na hilo. Shule zilifungwa nchini kote mwezi wa Machi mwaka huo kwa ajili ya Korona. Watahiniwa wakarudishwa katikati ya Oktoba, wakafanya mitihani yao mwaka 2021, wakaondoka kimya kimya wakiwa na barakoa. Madarasa mengine yalisubiri hadi Januari 2022 ndipo shule zote zikafunguliwa. Walimu wametuambia kwamba vijana waliofuata waliidai sherehe ya kuagana kwa bidii ambayo hawakuidai nayo masomo ya fizikia.

Na katika madawati hayo wamo sasa wageni. Lobule, katika Wilaya ya Koboko, ni makazi ya wakimbizi kutoka Kongo. Bidibidi, katika Wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 ikajaa watu wa Sudan Kusini kwa muda wa miezi michache. Wajukuu wa wale waliopewa hifadhi ng'ambo mwaka 1980 wanaketi dawati moja na wajukuu wa wale waliowapa hifadhi hiyo. Siku ya kuagana kijana wa Kongo huimba kwa Lingala, na wote huitikia, kwa sababu Koboko nzima inakijua kiitikio.

Si kila mwalimu mkuu anayeipenda siku hiyo, na hatuwezi kuwalaumu wote. Shule kadhaa zimeifuta. Michango hupanda mpaka mzazi aliyeuza mbuzi kwa ajili ya karo aambiwe auze mwingine kwa ajili ya keki. Pombe huingizwa katika chupa za maji. Muziki ukiendelea usiku, vijana wa nje huruka ua. Na ziko shule, katika Uganda na kwa majirani zetu, ambako hasira ya mwisho wa mwaka iligeuka kuvunja vioo na kuchoma mabweni, polisi wakaitwa, na watoto wakaanza mtihani wakitoka mahabusu. Hayo si mzaha, wala hayapaswi kupewa jina la mzaha.

Lakini katika mazungumzo yetu na walimu tulibaini jambo: shule iliyonyima vijana jukwaa haikukizuia kicheko, ila ilikihamishia bwenini, gizani, ambako hakina mgeni wa heshima wala mpaka. Rai yetu ni kwamba shughuli ifanyike mchana, bila mchango wa lazima, na ikome kabla ya giza. Kuhusu risala, wako walimu wakuu waitakao mapema ili waipitie kwa kalamu nyekundu. Tumeisikia mojawapo ya risala zilizopitiwa hivyo. Ilikuwa na majina mengi ya waheshimiwa, na hakuna aliyeikumbuka alipofika langoni.

Kwa mkuu wa kituo anayealikwa tuna maneno mawili matatu ya kazi. Asije na gari lililojaa askari wenye bunduki, kama anakwenda kutawanya watu. Akae hadi mwisho. Akiigizwa, acheke, na kama hawezi kucheka, basi atabasamu, maana vijana hao watakutana naye tena barabarani kwa miaka arobaini ijayo, na mmoja wao atakuwa shahidi wake katika kesi fulani.

Katika nchi nyingine mambo ni makubwa zaidi. Huko Sweden, mwezi wa Juni, wamalizao sekondari huvaa kofia nyeupe na kuzungushwa mjini juu ya malori, wakipiga makelele. Norway huvaa suruali nyekundu za mabega na kusherehekea majuma kadhaa mpaka sikukuu yao ya taifa, tarehe 17 Mei. Sisi nasi, tulipokuwa vijana wa umri wao, tulipandishwa malori, ila hakuna aliyetupa kofia nyeupe, wala hatukuwa tukipiga makelele ya furaha.

Arua na Koboko hawana malori ya namna hiyo. Wana mashati. Maigizo yakiisha, kila anayemaliza hulivaa shati lake jeupe la shule kwa mara ya mwisho, na wenzake wakaliandika kwa kalamu za wino mzito, mgongoni, kifuani, hata kwenye kola. Huandikwa majina ya utani, ahadi za kuonana Muni au Makerere, madeni ya sukari yasiyolipwa. Kijana mmoja tuliyemwona aliandikiwa begani nambari ya mtihani wake na rafiki aliyejua kwamba ataisahau. Mama zao hulifua shati hilo mara moja tu, wakakuta halisafiki, wakaliacha. Kisha masanduku ya bati hufungwa juu ya bodaboda, na barabara ya lami ya kilomita 92, itokayo Vurra mpakani mwa Kongo kupitia Arua na Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, huwagawanya kila mtu kwao. Hayo lakini ni baada ya mtihani.

Yule binti wa kizuizini, mchezo ulipokwisha, alishuka jukwaani, akamkabidhi mgeni wa heshima kofia yake ya maboksi kwa saluti, akasema ni makabidhiano ya ofisi. Mkuu wa kituo aliipokea kwa mikono miwili. Tumeambiwa kwamba asubuhi ya karatasi ya kwanza alikuja mwenyewe na kasha la maswali, sare yake imepigwa pasi, uso wake mkavu. Watahiniwa wakanyamaza walipomwona. Akatembea mbele ya mstari polepole, akasimama mbele ya binti yule, akauliza kwa sauti ya kizuizini, kila ngeli ikiwa mahali pake: "Vitambulisho vyenu viko wapi?"